Tonge la Mama

Asubuhi ile Eulalie alifunua sufuria ili ampe mtoto bugali wa jana, akakuta sufuria tupu. Haikuwa tupu ya kawaida, ile yenye ukoko pembeni na unga uliokauka. Ilikuwa imekwanguliwa mpaka chini, safi kabisa. Na juu ya mfuniko palikuwa na tonge moja la bugali, dogo, la mviringo, lenye alama ya kidole gumba katikati.

Alifikiri ni panya. Kisha akaitazama tena ile alama ya kidole, akaacha kufikiri panya.

"Papa Gloire, ni weye ulikula bugali?"

Mume wake, Philémon, alikuwa anafunga kamba za viatu vyake vya polisi. Hakuinua kichwa. "Labda mutoto."

"Mutoto hawezi kufikia mu kabati."

"Basi ni miye," akasema, akatoka bila kunywa chai.

Walikuwa wanakaa mtaa wa Bagira, katika nyumba ya zamani ya vyumba viwili, yenye mlango wa mbao uliovimba kwa mvua. Philémon alikuwa polisi katika kituo kidogo upande wa Kadutu. Mshahara ulikuwa unakuja ukitaka, na siku nyingi Eulalie alipika sombe, yale majani ya muhogo, bila mafuta, akamwambia binti yao Gloire kwamba ndivyo inavyonoga.

Halafu, tangu mvua zilipoanza, Philémon akawa anarudi jioni na gameli mkononi. Ilikuwa gameli ya aluminiamu ya ghorofa mbili, bugali chini na mboga juu, imefungwa katika kitambaa cha buluu. Mkono wa gameli ulikuwa umevunjika zamani, mtu akautengeneza kwa waya. Na chakula chenyewe kilikuwa chakula cha mtu anayempenda anayempikia: sambaza wa kukaanga katika nyanya, sombe iliyotwangwa ikalainika, maharagi yenye kitunguu.

"Ni nani anapika hivi?" Eulalie aliuliza siku ya kwanza.

"Kuna maman moja, anatupikia pale ku kazi."

Hakuuliza tena. Eulalie hakuwa mtu wa maneno mengi, na mke wa polisi anajifunza mapema maswali ya kuacha. Alimcheka tu mume wake kwa vile alivyokuwa anakula. Sambaza ni samaki wadogo kama kidole, kila mtu anawala na kichwa, lakini Philémon aliwakata vichwa, akavipanga pembeni ya sahani.

"Weye ni wa Muhumba, kwa batajiri?" Eulalie alikuwa anamwambia. "Bakubwa ba Muhumba njo banaogopa macho ya samaki."

Naye Philémon alikuwa anacheka, siku zile za kwanza.

Kila jioni, watu walipokwisha kula, Eulalie aliisugua ile gameli kwa jivu na mchanga mpaka ikang'aa. Aliona haya kumrudishia mwanamke mwenzake chombo kichafu.

*

Baada ya lile tonge la kwanza, mambo yakaendelea kidogo kidogo.

Chumvi ilipotea ladha. Mboga ikiwa bado inachemka juu ya makaa ya mbabula ilikuwa na harufu nzuri, lakini ikifika mdomoni ilikuwa kama maji ya kuoshea vyombo. Kisha ikaja harufu nyingine, nyuma ya mlango wa chumba cha kulala. Ilikuwa harufu ya sementi mbichi, ya mkojo wa zamani, ya jasho la mtu mwenye homa. Eulalie alipiga deki pale, akapiga tena. Hapakuwa na kitu ila unifomu ya Philémon, ile ya kubadilisha, imetundikwa kwenye msumari.

Na Gloire akaanza kukonda. Alikuwa anakula, Eulalie alimwona kwa macho yake akikata tonge, akichovya, lakini mikono yake ilikuwa inakuwa miembamba na macho yake yakawa makubwa kuliko uso. Siku moja Eulalie alijificha karibu na dirisha amwangalie. Mtoto alikata tonge. Hakulipeleka mdomoni. Alisogea na sahani yake mpaka kwenye mlango wa chumba, akanyoosha mkono nyuma yake, kisha mkono ukarudi bila kitu.

"Gloire, unamupa nani?"

"Tonton."

"Tonton gani?"

"Ule wa nyuma ya mulango. Iko na njaa, mama." Alisema bila woga, kama mtu anayezungumza juu ya jirani. "Anasema asante. Lakini hashibake."

Eulalie alivuta mlango. Unifomu ilikuwa kwenye msumari wake. Chini, juu ya sementi, hapakuwa na hata chembe ya bugali.

Siku hiyohiyo jioni, walipokwisha kula na Philémon ametoka tena, mvua kubwa ilishuka juu ya Bagira, ile mvua inayofanya watu wawashe taa mapema, na umeme ukakatika, na Eulalie akamlaza mtoto kwenye mkeka karibu naye. Akaketi kimya akisikiliza mabati, na kati ya kelele ya mabati akaanza kusikia kitu kingine, kidogo, cha polepole, kama chuma juu ya chuma. Akafikiri ni tone la maji linaloanguka katika beseni. Lakini tone halipumziki halafu likaanza upya, tone halikwangui, na hiki kilikuwa kinakwangua, kijiko ndani ya chombo kitupu, kinazunguka pembeni, kinashuka chini, kinatafuta mahali ambapo labda kimebaki kidogo, kinasimama, kisha kinarudi tena palepale kilipokwisha kupita, kwa uvumilivu wa mtu anayejua hakuna kitu lakini hana kazi nyingine ya kufanya. Naye Eulalie akageuza macho polepole mpaka kwenye meza, ambapo gameli ilikuwa inangoja kurudishwa kesho, imesuguliwa, imefungwa vizuri ndani ya kitambaa chake cha buluu, na fundo la kitambaa lilikuwa halijaguswa, na sauti ilikuwa inatoka ndani yake.

Alimbeba mtoto akatoka nje katika mvua. Majirani walimkuta amesimama chini ya paa la jirani, kikwembe alichojifunga kimelowa.

*

Usiku Gloire alishikwa na homa. Alfajiri Philémon alitoka na gameli kama kawaida; homa ilipozidi, mchana Eulalie alimwacha mtoto kwa jirani yake Ghislaine, akaenda Kadutu kumtafuta mume wake ili wampeleke mtoto hospitalini. Hakuwa amewahi kufika pale kituoni. Philémon hakupenda.

Kilikuwa kijumba cha matofali, na mbele meza, na nyuma ya meza polisi mnene anayeitwa Apollinaire, ambaye Eulalie alimfahamu kwa sababu alikuwa amekuja kwenye ubatizo wa Gloire. Kabla Eulalie hajafungua mdomo, mama mmoja mzee alimpita, akaweka kitu juu ya meza.

"Apollinaire, mutoto yangu," akasema yule mama, "tumbo yako inazidi kukomaa. Angalia usinikulie samaki."

Apollinaire hakucheka. "Hapana, maman Yolande. Tutamupa yote."

"Alikula ya jana?"

"Alikula vizuri. Yote."

Aliipokea gameli kwa mikono miwili, akaenda nayo nyuma. Ilikuwa ya ghorofa mbili, katika kitambaa cha buluu, mkono wake ni waya.

Yule mama aligeuka, akamwona Eulalie ameshika ukuta. "Maman, uko mugonjwa? Ikala hapa." Akamvuta kwenye benchi. Alikuwa mwembamba, na mikono yake ilinuka vitunguu. "Na weye uko na mutu ndani, mu kasho?"

Eulalie alitikisa kichwa, na yule mama hakuelewa kama ni ndiyo au hapana.

"Miye niko na kijana yangu, Gentil. Ni motari. Balikamata pikipiki zote pale ku rond-point ya barabara kubwa, siku ya msako, bengine batoka, yeye akabakia. Banasema dosié yake ni nzito. Komanda amekataza mutu kumuona." Alinyoosha kikwembe juu ya magoti yake. "Lakini anakula. Mutu mwenye anakula iko muzima, sivyo? Mbele, siku za kwanza, nilikuwa na wasiwasi. Gameli ilikuwa inarudi nusu. Halafu siku moja ikarudi safi. Tangu pale, kila siku safi, hata inang'aa. Nikamuambia dada yake, Fabiola, nikasema, angalia, kasho imefundisha huyu mutoto kuosha vyombo."

Alicheka kidogo, na Eulalie akaona amebakiwa na meno machache.

"Kitu moja tu njo inanisumbua," akasema, sauti yake ikashuka. "Tangu mudogo, Gentil alikuwa ananiachia tonge. Ya mwisho. Anaifinya na kidole gumba, hivi, anaiweka pembeni, anasema, hii ni ya mama, asioshe vyombo na njaa. Hata pale ku kasho, siku za kwanza, nilikuwa naikuta. Sasa hapana. Ninasema labda ni njaa. Njaa inasahaulisha."

Eulalie alisimama. Hakumngojea Philémon. Alitembea mpaka mwisho wa barabara, akashika njia ya kurudi kwa mtoto.

*

Philémon alirudi jioni na gameli. Eulalie hakuipokea. Aliiacha mikononi mwake, mlangoni.

"Gentil iko wapi?" akamwuliza.

Mume wake alikaa chini, palepale kwenye kizingiti, na unifomu yake.

"Nani amekuambia hiyo jina?"

"Mama yake."

Gloire alikuwa anapumua ndani, pumzi fupi fupi. Ndipo Philémon akaanza kusema, polepole, akiangalia viatu vyake.

"Alishikwa na homa. Mu kasho kulikuwa maji, ile mvua ya kwanza iliingia. Nikaenda kwa komanda, nikasema, huyu apelekwe ku hopitali. Akasema, akitoroka ni weye utaingia pa nafasi yake? Nikarudi. Asubuhi nikaenda tena, akasema, Philémon, weye ni polisi ao ni munganga? Bengine bakacheka. Nikacheka na miye." Alipangusa uso. "Ni miye nilikuwa na funguo, Eulalie. Zilikuwa hapa, mu mfuko. Alikuwa ananiita, anasema, papa, maji. Nilimupa maji. Sikufungua."

"Alikufa."

"Alikufa. Komanda akasema tumuzike mbio, atatafuta namna ya kusema ku bakubwa. Akasema mutu asifungue kinywa, sisi ni familia moja. Mchana mama yake akakuja na chakula. Apollinaire akaipokea, mikono ilizoea tu. Akatuangalia. Hakuna mwenye alisema. Tukasema, tutamuambia kesho. Chakula ilikuwa pale, inatoa moshi. Tulikula juu ya haya, juu ya aibu tu, hatukujua tuiweke wapi. Halafu kesho akarudi." Alifungua kamba ya kiatu kimoja. "Tulianza juu ya haya, tukaendelea juu ya njaa. Bakasema, Philémon iko na mutoto, aipeleke ku nyumba. Ni miye nilikuwa napeleka sana."

Eulalie aliangalia mikono yake mwenyewe. Jivu lilikuwa bado chini ya kucha.

Ndani ya gameli, katika kitambaa kilichofungwa, kijiko kikaanza kukwangua. Gameli ilikuwa imejaa, na bado sauti ilikuwa ya chombo kitupu. Philémon aliitupa chini kama imemwunguza, bugali ukaviringika katika matope, na kutoka chumbani, kwa sauti iliyokauka na homa, mtoto alisema, "Mama, tonton analia."

*

Ghislaine ndiye aliyemleta maman Françoise. Huyu alikuwa mama wa kikundi cha sala parokiani, mtu mzito, mwenye goti bovu, aliyekuwa amefukuza mashetani katika nyumba nyingi za Bagira na hakupenda kusimulia. Hospitalini walikuwa wamempima Gloire, hawakuona malaria, hawakuona kitu. Walimrudisha nyumbani na vidonge.

Maman Françoise aliingia na rozari na chupa ya maji ya baraka. Alinyunyiza kona za nyumba akisali. Alipofika nyuma ya mlango wa chumba alisimama. Harufu ya sementi mbichi ilikuwa kali, na unifomu kwenye msumari ilikuwa inatikisika kidogo kidogo, kama inavyotikisika nguo ya mtu anayetetemeka kwa baridi, ijapokuwa dirisha lilikuwa limefungwa na hewa haikuingia popote, na mikono yake mitupu ilikuwa imejikunja kwa mbele, mmoja chini ya mwingine, kama ya mtu anayeshikilia bakuli.

Maman Françoise hakumwaga maji. Alifunga chupa.

"Kwa jina ya Yesu," akasema kwa upole, "weye ni nani?"

Kilisikika kijiko tu, mbali, kikizunguka.

Alirudi kwenye meza, akaketi, akasugua goti lake. Eulalie na Philémon walisimama mbele yake kama wanafunzi.

"Munakula chakula ya nani mu hii nyumba?"

Philémon alimwambia. Alimwambia yote, akilia bila sauti.

"Ninafukuzaka shetani," maman Françoise akasema. "Huyu haiko shetani. Huyu ni mutoto ya mutu, amefuata chakula ya mama yake. Kila siku mama anamupikia, anamuita kula, na yeye anakuja. Anakuta sahani ya bengine. Nimufukuze aende wapi?"

"Na mutoto wetu?" Eulalie akauliza.

"Mutoto yenu anamusikilia huruma. Atamugawia mpaka amalizike." Alisimama kwa shida. "Yule mama aache kupika. Na hawezi kuacha mpaka ajue. Sina sala ingine."

Alipokwisha kuondoka, Philémon alimshika mke wake mkono. "Nikisema, bataweka yote juu yangu. Unabajua. Komanda atasema hakujua kitu. Nani atakulisha weye na mutoto?"

"Ni nani anatulisha sasa?" Eulalie akamjibu.

Hilo ndilo neno kali pekee alilowahi kumwambia.

*

Alikwenda yeye mwenyewe, kwa sababu Philémon alifika mpaka chini ya mlima wa Cimpunda, akageuka. Nyumba ya maman Yolande ilikuwa ya mbao, juu kwenye mteremko, mahali ambapo paa la mmoja ni sawa na mlango wa mwingine. Yule mama alikuwa anachambua sambaza mlangoni. Alifurahi kumwona.

"Maman wa kasho. Ulipona?"

Eulalie alikuwa amejipangia maneno njiani. Yote yalipotea. Alipiga magoti katika maganda ya vitunguu, akasema, "Maman, usipike leo."

Mikono ya yule mama ilisimama juu ya samaki.

Eulalie alimwambia. Alisema polepole, bila kuficha jina la mume wake, na yule mama hakumkatiza. Hakupiga kelele. Watoto wa jirani walikuwa wanacheza mpira wa makaratasi, na mmoja alifunga goli, wakashangilia. Maman Yolande alikuwa anaangalia mbabula yake, makaa yalikuwa yameshika vizuri.

Mwisho akauliza kitu kimoja.

"Ile gameli. Ni nani alikuwa anaisugua?"

"Ni miye, maman."

"Ilikuwa inang'aa," maman Yolande akasema. Ndipo akaanza kulia, na kilio chake kilikuwa kirefu, kikashuka mteremko wote, na wanawake wakaanza kutoka katika nyumba zao mmoja mmoja, wakijifunga vikwembe.

Kesho yake Philémon aliwaonyesha mahali. Alichimba yeye mwenyewe na wajomba wa marehemu, na hakuna aliyemgusa wala kumsemesha. Walimzika Gentil upya, na padri na msalaba wenye jina lake.

Jioni ya mazishi Gloire aliomba bugali. Alikula wote. Eulalie alimwangalia akitafuna, tonge baada ya tonge, mpaka akalala na kidole mdomoni. Nyuma ya mlango palinuka mbao tu. Eulalie aliketi usiku akisikiliza, na nyumba ilikuwa kimya, na katika kimya kile alijisikia amemfukuza mgeni aliyekuwa na haki ya kukaa.

Polisi walikuja kumkamata Philémon kabla ya juma kwisha. Komanda alikuwa ameandika kwamba askari mmoja alificha kifo cha mfungwa ili ale chakula cha familia. Apollinaire ndiye aliyemfunga pingu, akiangalia pembeni.

"Utanisamehe, ndugu," akamnong'oneza.

"Peleka tu," Philémon akasema.

Walimweka katika kasho ileile.

*

Siku ya kwanza Eulalie alipeleka sambaza katika bakuli lake la plastiki. Apollinaire alilipokea, akaenda nyuma, akarudi nalo baadaye. Lilikuwa tupu, limepanguswa.

"Amekula yote, maman Gloire."

Eulalie aliangalia ndani ya bakuli. Vichwa vya samaki havikuwamo. Philémon hakuwahi kula kichwa cha sambaza, lakini Eulalie alikuwa mtu wa haya, na nyuma yake kulikuwa na watu, na Apollinaire alikuwa amekwisha kugeuka. Alirudi nyumbani. Siku ya pili bakuli lilirudi vilevile, tupu, bila kichwa hata kimoja. Aliomba kumwona mume wake. Wakasema komanda amekataza.

Siku iliyofuata alipofika alimkuta maman Yolande mbele ya kituo, amevaa nguo nyeusi, na mkononi ana gameli, katika kitambaa cha buluu.

"Weka chakula yako humu," akasema. "Hii inajua njia."

Eulalie hakuweza kumtazama usoni. "Maman, huyu ni mutu mwenye alikuwa na funguo."

"Ninajua alikuwa na nini." Alishika mfuniko, akangoja mpaka Eulalie amalize kuhamisha. "Bazee ba familia banataka ahukumiwe. Na miye ninataka. Mutu anahukumiwa akiwa muzima."

Apollinaire alipoiona ile gameli juu ya meza alirudi nyuma hatua. Lakini komanda alikuwa anatazama kutoka ofisini, basi akaichukua.

Ilirudi tupu. Inang'aa kwa ulimi wa mtu.

"Amekula," akasema, kwa sauti ndogo.

Eulalie aliishika, akageuka kama alivyozoea, na mkono mkavu ukamkamata juu ya kiwiko.

"Usirudi ku nyumba," maman Yolande akasema. "Miye nilikuwa narudi."

Wakakaa chini, wote wawili, palepale mlangoni, mahali ambapo hakuna anayeweza kuingia bila kuwaruka. Polisi mmoja aliwaambia wasogee. Hawakusogea. Mvua ilianza, hawakusogea. Watu wa barabara wakaanza kusimama kuangalia. Na wakati mwanga wa mchana ulipokuwa mchafu kama maji ya sombe, na komanda ametoka kuwafokea, kidole chake kiko juu, ikasikika nyuma ya ukuta sauti ya chuma juu ya chuma, polepole, kijiko kinachozunguka ndani ya chombo kitupu, kinashuka chini, kinasimama, kinaanza tena. Kila mtu aliyekuwa pale aliisikia, polisi na wapita njia, na kidole cha komanda kikabaki juu bila neno, kwa sababu gameli ilikuwa juu ya magoti ya Eulalie na katika kasho hakuna mtu aliyewahi kupewa kijiko.

Apollinaire aliketi chini kama gunia. "Miye sikumupa," akasema, bila kumwelekea mtu yeyote. "Hajakula tangu alipoingia. Komanda alikataza, chakula tukakula sisi."

Maman Yolande aliinuka, akaweka kiganja chake juu ya ukuta uliolowa.

"Gentil," akaita, kwa sauti ya mama anayemwita mtoto kutoka uani. "Mama iko hapa. Niachilie huyu. Mwache akule."

Kijiko kikanyamaza. Na ndani kabisa, dhaifu, Philémon akakohoa.

Komanda aliingia ofisini kwake akafunga mlango. Hakuna aliyengoja amri yake. Eulalie alikimbia mpaka kwa mama anayeuza chakula ng'ambo ya barabara, akajaza gameli, sambaza na bugali wa moto, na Apollinaire akaipeleka nyuma yeye mwenyewe, funguo zikilia mkononi mwake. Wale wanawake wawili wakangoja, bega kwa bega.

Ilirudi katika kitambaa chake. Eulalie alifungua fundo kwa vidole vilivyokufa ganzi. Katika ghorofa ya juu, vimepangwa pembeni, vilikuwamo vichwa vya samaki. Alivihesabu kwa midomo, akaanza upya, akaficha uso katika kikwembe chake.

Maman Yolande aliinua ghorofa ya juu, akaangalia ya chini.

Palikuwa na tonge moja la bugali, dogo, la mviringo, lenye alama ya kidole gumba katikati. Lilikuwa bado na moto.

Alilitazama sana. Kisha akalichukua, akalila polepole, hapo katika mvua, akitafuna upande wenye meno, na hakumpa mtu mwingine hata kidogo.